Kifua cha Baba

Novemba 14

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo alasiri. Kesho tunaanza kuhamisha miche ya tumbaku kutoka kitaluni. Mwaka huu mimi na Baba tuna vibarua wachache, kwa hiyo tutamaliza nyuma ya majirani zetu wote hapa Ulyankulu.

Huwa naandika hivi kila msimu: mvua, mbolea, majani, soko. Mume wangu alipofariki nilirudi kwa Baba, na kwa kuwa Baba si mtu wa mazungumzo, nikazoea kuandika.

Novemba 16

Kupandikiza. Mgongo unauma. Hakuna jipya.

Novemba 23

Baba alikuwa anapandisha ndoo za maji kutoka kisimani. Katikati ya njia akazitua, akaweka kiganja kifuani. Nilipomfikia akasema ni gesi. Alikaa kwenye jiwe kidogo, ikapita, akawasha sigara yake ya kusokota, akaendelea na ndoo zake. Ana miaka sitini na moja. Anavuta tumbaku yetu wenyewe tangu alipokuwa mvulana. Husema anaionja ili ajue amelima nini.

Novemba 30

Mvua tu, kutwa nzima.

Desemba 8

Leo tumekwenda zahanati. Baba alikubali kwa sababu muuguzi wa pale ni mtoto wa rafiki yake. Alimweleza kuwa kifua kinabana na kuwaka akipanda kilima, na kwamba akipumzika kinaacha. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Hata mimi ningedhani hivyo. Maumivu yenyewe yanaanzia juu ya tumbo, na Baba hawezi kula bila pilipili. Yule binti akampima na presha, akakuta iko juu sana. Akamwambia apunguze chumvi, aache sigara, arudi wiki ijayo. Njiani Baba alizungumzia dawa za tumbo. Habari ya presha hakuitaja.

Desemba 15

Asubuhi tulikutana na Mama Advera kwenye njia ya kisimani. Baba alipita upande wa pili, kwenye majani yenye umande, mpaka suruali ikalowa magotini. Nami nikapita huko huko. Hivyo ndivyo tunavyopita.

Kwa kuwa leo sina la kuandika kuhusu tumbaku, niandike hili. Babu yangu aliletwa hapa mwaka 1972 na wakimbizi wenzake kutoka Burundi, Baba akiwa mtoto. Mwaka 1985, wakati wa kuvuna mahindi, Babu alibeba magunia tangu asubuhi. Alasiri akapita nyumbani kwa Advera, ambaye wakati huo alikuwa mke kijana na mtengenezaji wa wanzuki, pombe ya asali, anayesifiwa kuliko wote. Akanywa kikombe kimoja. Alipofika nyumbani alikuwa anatoka jasho la baridi, ameshika kifua na taya, anatapika. Jua halijazama akawa amekufa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Baba, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, alisimama kaburini mbele ya watu wote akasema Advera amemlisha baba yake sumu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyenunua pombe yake. Miaka michache baadaye Yosia, mdogo wake Babu, alianguka njiani akitoka kanisani, akafa, na watu wakakumbuka kuwa wiki ile Advera alikuwa amempa mkono. Mimi nilizaliwa nikakuta mambo yako hivyo. Nilifundishwa nyumba ambayo hatunywi maji kama nilivyofundishwa njia ya kisimani.

Desemba 25

Kaka yangu Anton amekuja kutoka Tabora mjini na mkewe. Anton ana karakana ya bajaji na anajiona ndiye mkubwa wa familia. Tulichinja mbuzi. Baba alikula nyama ya mafuta vizuri, kisha tukapanda kwenda kanisani. Kabla ya kufika mlangoni alisimama, uso umekuwa wa majivu, akashika taya. Akasema ni jino. Anton alimtazama mdomoni akamwambia hilo jino ling'oke mara ngapi, maana upande huo hana hata moja.

Wamebishana mpaka jioni. Mwisho Baba amekubali kwenda Tabora mwezi ujao, palizi ikiisha.

Januari 3

Palizi. Vibarua wawili wameondoka kwenda kulima mpunga wao.

Januari 10

Jana tulikuwa Tabora. Nimelala kwa Anton, sasa niko kwenye basi la kurudi, Baba amesinzia pembeni yangu.

Daktari aliyetuona anaitwa Najiat, mtoto wa mji ule, mwenye kilemba cheusi na sauti ya chini. Alimwamkia Baba kabla ya kuketi. Kisha akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Maumivu yanakuja ukifanya nini? Yanakaa kwa muda gani? Yanakwenda wapi, mkononi, shingoni, tayani? Ukisimama yanaacha? Baba alijibu kwa mkato, lakini nilimwona anaanza kumtazama usoni.

Alipima presha, akachukua damu ya kupima sukari na mafuta. Kisha Baba akalazwa kitandani, akabandikwa vidude kifuani, na mashine ikachora mapigo ya moyo kwenye karatasi. Karatasi ikatoka safi. Baba akaanza kuvaa shati akisema mnaona sasa. Daktari akamwambia asivae bado. Akaeleza kuwa mashine imeuchora moyo ukiwa umelala, na ukiwa umelala hauna shida. Moyo unasukuma damu kwenda mwili mzima, lakini wenyewe nao unalishwa na mishipa yake midogo iliyouzunguka. Mafuta na makovu hujijenga polepole ndani ya kuta za mishipa hiyo, miaka na miaka, na mtu hajui. Njia inakuwa nyembamba. Ukiketi, damu inayopita inatosha. Ukipanda kilima na ndoo mbili, haitoshi, ndipo kifua kinabana.

Akauliza kama katika familia kuna aliyekufa ghafla akiwa bado na nguvu.

Baba alisema, "Baba yangu. Lakini yeye alilishwa sumu."

Daktari hakubisha. Aliuliza alikuwa na miaka mingapi, na siku ile alikuwa amefanya kazi gani. Baba akamweleza yote, magunia, jasho la baridi, taya, kutapika. Akauliza kama kuna mwingine. Baba akamtaja Yosia. Alikuwa na miaka mingapi? Arobaini na saba. Alivuta sigara? Sote tulivuta, Baba akasema, sisi ni wakulima wa tumbaku. Daktari aliandika kwa muda mrefu. Kuhusu sumu hakusema chochote, na nadhani Baba aliona kuwa hakusema.

Majibu ya damu yalitoka mchana. Sukari nzuri, mafuta mabaya yako juu sana. Akampa dawa za presha, za kushusha mafuta, aspirini ndogo ya kila siku, na vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Sigara aache kabisa. Kubeba mizigo aache. Akataka aende Dodoma, kwenye hospitali yenye mashine ya kuitazama mishipa yenyewe. Baba akasema atakwenda baada ya mavuno. Daktari alinitazama mimi. Nikainamisha kichwa. Majani hayasubiri, na kwa kazi ya bani, ile nyumba ya kukaushia, mimi peke yangu sitoshi.

Januari 19

Baba hajavuta tangu tuliporudi. Anatafuna vijiti. Hasemi na mtu.

Januari 27

Amevuta.

Februari 9

Tumeanza kuchuma majani ya chini. Bani limejazwa, moto umewashwa. Harufu yake imeshika kila kitu, mpaka uji. Nimewakataza vibarua wasimwache Baba abebe kuni. Wanasema ndiyo, halafu yeye anawaamuru waondoke, nao wanaondoka.

Februari 20

Mvua imezidi. Majani mengine yanaoza shambani kabla hatujayafikia. Baba ametumia kidonge cha chini ya ulimi mara ya kwanza mbele yangu. Alikiweka upesi, akageuka upande, kama mtu anayekula kitu cha kuiba.

Machi 2

Jua. Tumechuma kutwa.

Machi 6

Naandika hospitalini Tabora, kwenye benchi la nje ya wodi. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Jana asubuhi mbuzi wa Mama Advera waliingia kwenye shamba letu la mahindi. Baba alikuwa mlangoni mwa bani. Advera alikuja kuwafukuza, kisha, jambo ambalo sijawahi kuliona, akamsogelea Baba na kusimama mbele yake. Nilikuwa mbali kidogo nikifunga majani kwenye miti ya kutundikia. Vibarua walikuwa karibu zaidi, na wote waliacha kazi. Alisema pole kwa mbuzi, kamba imekatika, na hasara atalipa. Baba alimgeuzia mgongo. Advera akaondoka.

Baba aliingia kwenye hasira ya kimya. Akaanza kubeba magogo mwenyewe kutoka kwenye rundo hadi kwenye tanuru la bani. Nilimwambia aache, akanipita. Alibeba, akabeba. Kisha nikasikia gogo limeanguka. Alikuwa amepiga magoti, mkono wa kushoto umekunjwa kifuani, shati limelowa kama amemwagiwa maji. Akatapika. Nikamwekea kidonge chini ya ulimi. Haikusaidia. Kwa Kirundi, lugha tuliyozoea nyumbani, aliniambia kuna jiwe juu yake.

Nilipiga simu kwa Limbu, mwenyekiti wa kijiji, mwenye gari dogo la mizigo. Hakuwepo, akamtuma dereva wake. Tulimlaza Baba nyuma juu ya magunia. Wakati gari linaondoka nilisikia mmoja wa vibarua akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amemfuata mpaka bani." Mwingine akasema, "Kama alivyomfanyia baba yake." Walikuwa hawaniambii mimi. Nililisikia neno hilo, nikaelewa litakwenda wapi, na gari likaondoka. Barabara ni mbovu kwa mvua. Nilishika kichwa cha Baba kisigonge.

Hospitalini walimpokea upesi. Mashine ile ile ikabandikwa, na safari hii hata mimi niliona kuwa mistari imebadilika. Daktari Najiat alikuja akiwa bado na kikombe cha chai mkononi, akakiweka dirishani. Alisema ni shambulio la moyo. Mshipa mmoja umezibwa na damu iliyoganda mahali ulipokuwa mwembamba, na sehemu ya misuli ya moyo inakosa damu. Wakamchoma sindano, wakampa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, wakamwekea oksijeni. Wakachukua damu kupima kama misuli imeumia. Imeumia.

Simu ya Limbu iliingia nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba. Alikuwa amerudi kijijini akakuta vijana wamekwenda kwa Mama Advera. Walikuwa wengi. Yeye alikuwa amesimama mlangoni kwa Advera pamoja na mgambo mmoja, na mwenyewe Advera alikuwa ndani. Nyuma yake nilisikia watu. Aliniuliza kama Baba bado yu hai. Nikasema yu hai, nikamweleza daktari alivyosema. Akasema, "Recheli, mimi nakuamini, lakini hawa hawatanisikiliza mimi. Wanasema tunaficha kwamba amekufa."

Niliingia ndani. Nilimweleza daktari kwa maneno machache. Alinitazama, akamtazama Baba, akasema asiongee zaidi ya maneno mawili. Nikaweka simu karibu na mdomo wa Baba na kumwambia kilichoko upande wa pili.

Alifumba macho.

Kisha akasema, "Mwacheni. Ni moyo wangu."

Limbu aliiweka simu kwenye sauti kubwa, akamwomba arudie. Daktari akatikisa kichwa kukataa, lakini Baba alikwisha kurudia.

Jioni Limbu alipiga tena. Wametawanyika. Jiko la nje la Advera limechomwa na mlango umevunjwa, lakini yeye ni mzima.

Machi 8

Baba amekunywa uji. Anton analeta chakula kisicho na chumvi. Baba anakiita chakula cha maiti.

Machi 12

Leo alikuwa na nguvu ya kuongea. Nilimwambia alifanya vyema kumtetea Advera. Akasema nisimwelewe vibaya. Alisema vile ili wasimuue, kwa sababu hakutaka kwenda mbele ya Mungu na damu ya mtu mzee mkononi. Hajasema kwamba Advera hakumuua baba yake.

"Wewe umelala hapa na ugonjwa ule ule," nilisema.

"Ugonjwa wangu ni wangu," akasema.

Nilimtazama akilala. Nimeishi naye miaka yote hii nikidhani ukimya wake ni wa huzuni. Sasa nadhani sehemu yake ni kazi. Chuki ya muda mrefu hivyo inahitaji kushikiliwa.

Machi 15

Daktari Najiat alisema na mimi nipime, na Anton pia, kwa sababu ya Babu, Yosia na Baba. Anton alisema atapima siku nyingine. Mimi nimepima. Mafuta yako juu, presha imeanza kupanda. Sivuti, sijanenepa. Akasema kinachorithiwa hakiulizi unene, lakini yaliyobaki yako mikononi mwangu: chumvi, mafuta, moshi wa bani, mwendo, dawa. Nimeanza dawa leo.

Machi 27

Dodoma. Tulikuja kwa treni kwa sababu basi linamtikisa. Reli inapita mlemle walimopita wapagazi wa misafara ya zamani na mizigo yao, na Baba alikaa dirishani akitazama miombo mpaka Manyoni.

Leo wamemfanyia kile kipimo. Wanampitishia mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono, karibu na kifundo, mpaka kwenye moyo, kisha wanamwaga dawa inayoonekana kwenye picha. Haondolewi fahamu. Nilikaa nje, lakini baadaye daktari wa hapa alituita wote wawili akatuonyesha kwenye kompyuta. Mishipa inaonekana kama mizizi myeusi. Mmoja, katikati, umebanwa kama kamba iliyofungwa fundo. Mwingine umeanza. Kwenye ule wa kwanza wamepitisha puto dogo la kuupanua, wakaacha kibomba cha waya ndani yake cha kuushikilia wazi. Alituonyesha kabla na baada. Baada, weusi unapita hadi mwisho.

Baba alimwomba arudishe picha ya kabla. Akaitazama. Kisha akauliza swali, kwa Kiswahili cha taratibu, kama anayelitafutia kila neno mahali pake. Mtu mwenye mshipa kama huu, akibeba magunia kutwa, halafu akatoka jasho la baridi, akashika kifua na taya, akatapika, akafa kabla ya jua kuzama. Je, mtu huyo amekufa na nini?

Daktari aliuliza ni nani. Baba akasema ni mtu wa zamani.

Daktari alisema hawezi kumpima mtu asiyemwona, na kuna magonjwa mengine yanayoua upesi. "Lakini mzee wangu, angeletwa kwangu akiwa hivyo, ningeanza na moyo. Na kama mwanawe angekuwa na picha hii, nisingekuwa na shaka kubwa."

Baba akauliza kama kikombe kimoja cha pombe ya asali kinaweza kufanya vile. Daktari akasema kikombe kimoja, hapana.

Baba akasema asante.

Aprili 9

Tumerudi nyumbani. Nusu ya tumbaku imeoza. Ile iliyobaki bani, Limbu aliwasimamia vibarua wakaikausha, si vizuri, lakini imekauka. Baba anatembea kila asubuhi kama alivyoagizwa, mpaka kwenye daraja la mti na kurudi. Havuti. Amenipa mfuko wake wa tumbaku niutupe, nami nimeutupa chooni mbele yake.

Aprili 13

Nimekwenda kwa Mama Advera bila kumwambia Baba. Jiko lake ni mduara wa majivu. Mlango umeshikizwa kwa waya. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Alinipa maji, nikanywa. Alinitazama nikiyanywa mpaka mwisho.

Aliuliza hali ya Baba kama mtu anavyouliza hali ya jirani. Nikamweleza kuhusu mishipa, kwamba Babu huenda alikuwa na ugonjwa huo huo. Alisikiliza huku anachambua karanga. Nilitarajia alie, au akasirike. Alisema alijua daima kwamba hakuweka kitu kwenye kile kikombe, kwa hiyo nilichomletea si habari. Habari itakuwa siku wengine watakapoijua.

Nilimkuta mtu mwenye akili ya haraka, anayeongea kidogo na kwa ukavu. Kama asingekuwa yeye, ningesema tunafanana.

Nyumbani nilimwambia Baba nilikokuwa. Hakunikaripia. Aliuliza kama mlango umetengenezwa.

Aprili 18

Madaraja. Tunachambua majani kwa rangi. Baba ana jicho zuri kuliko mimi, kwa hiyo yeye anakaa na kuchambua, mimi nabeba. Amemtuma fundi akaweke mlango kwa Advera. Fundi alirudi akasema amekubaliwa.

Aprili 21, Jumapili

Baada ya matangazo Baba aliomba nafasi ya kusema. Mchungaji alidhani anataka kutoa shukrani ya kupona, akampa kipaza sauti.

Hakukitumia. Alisema wengi wenu mmezaliwa baada ya 1985, lakini yale niliyoyasema mwaka ule mmeyarithi. Nilisema Advera alimlisha baba yangu sumu. Sikuona akiweka sumu. Hakuna aliyeona. Niliona baba yangu amekufa, nikataka awepo wa kulaumiwa. Madaktari wamenionyesha moyo wangu kwenye picha. Baba yangu aliugua ugonjwa ninaougua mimi, na Yosia pia, kadiri ninavyoelewa. Mimi ndiye niliyesema uongo kaburini, ingawa sikujua kuwa ni uongo. Mlioshiriki kuchoma jiko lake, mlichoma kwa ajili ya maneno yangu.

Akakaa. Mchungaji akatangaza wimbo. Vijana wawili waliokuwa kwa Advera siku ile walikuwa kwenye kwaya. Mmoja aliimba. Mwingine alitoka nje.

Nilikuwa namtazama Baba tu, kama atashika kifua. Hakushika.

Advera hakuwepo. Yeye husali kwa Wakatoliki, upande wa pili wa kijiji.

Aprili 24

Vijana wanne wamemjengea jiko. Limbu anasema hawakuambiwa na mtu. Nadhani yeye ndiye aliyewaambia.

Aprili 28

Leo Baba amekwenda kwake. Aliniomba nimsindikize. Tulikwenda mchana, kwa njia kubwa, watu wakituona. Alivaa koti.

Mama Advera alikuwa uani, kwenye mkeka. Hakuinuka. Alimwonyesha Baba kiti, Baba akabaki amesimama. Alisema yote aliyoyasema kanisani, kwa maneno machache zaidi, kisha akasema, "Nakuomba msamaha, mama."

Advera alikaa muda akimtazama. Si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayejaribu kumkumbuka kijana fulani.

Alisema ameambiwa kuhusu kanisani, na kwamba amefurahi kwa ajili ya wajukuu wake, maana binti mmoja alikuwa amekataliwa uchumba kwa sababu ya jina la bibi yake, na sasa upande wa mwanamume wametuma salamu. Kwa hilo anashukuru. Baba aliitikia kwa kichwa. Nilidhani yamekwisha.

Kisha akasema, "Mume wangu alikataa kuhama hapa. Watu walisema ananipenda sana. Ni kweli. Lakini tangu siku uliyosema vile, hakunywa tena kitu nilichotengeneza kwa mkono wangu. Chai alichemsha mwenyewe. Maji alichota mwenyewe. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Alikufa akiwa bado anajichemshia chai." Akamtazama Baba. "Huyo utamwambia lini, Eliya?"

Baba alisimama pale mikono ikiwa imening'inia. Kuku walipita kati yetu.

Mwisho Advera akasema jua ni kali kwa mtu aliyetoka hospitali, arudi nyumbani, na aje siku nyingine ikiwa anataka, kiti kipo. Hakusema amemsamehe. Hakusema hajamsamehe.

Tulirudi kwa njia ile ile. Watu walitusalimia, Baba akaitikia wote. Tulipofika kwenye tambarare, mahali ambapo hakuna kilima wala mzigo, alisimama. Nikamshika kiwiko, nikapapasa mfukoni kutafuta vidonge, nikamuuliza kama kifua kimebana.

Akasema hapana, hakibani. Ila tusimame kidogo.